Kwa Nini Majina ya Wakubwa wa Kiingereza Yananukia Mkate

Hapo kale, Kiingereza kilipokuwa bado lugha ya wachunga nguruwe na wafua vyuma, wakubwa wa nchi ile hawakuwa na jina la kujivunia. Mkubwa wa kijiji, mwenye ukumbi, aliitwa Mkuki, basi. Mwanamke wa jikoni mwake hakuitwa chochote. Akihitajiwa, alipigiwa makofi. Msicheke. Mimi nimekanda mikate miaka arobaini na mitatu, na makofi hayo nimeshapigiwa.

Katika kijiji kimoja cha huko, Mkuki alikuwa mtu mmoja jina lake Ordgar. Mikate ya ukumbi wake ilikandwa na mjane aitwaye Ebba, mwanamke mfupi, mnene wa mikono, asiyemeza neno lake kwa kumwogopa mtu. Mkate kwa lugha yao ya zamani uliitwa hlaf, na Ebba aliujua kuliko yeyote. Siri yake ilikuwa chachu: donge la unga uliochacha, aliloachiwa na mama mkwe wake. Alilitunza ndani ya chungu na kulilisha unga kidogo kila siku ili lisife. Bila donge lile, unga wa kijiji kizima haukuumuka.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kukoma, ngano ikaozea shambani. Ghalani yakabaki magunia machache. Ordgar aliwakusanya watu akatangaza kwamba mkate utaliwa na wenye mikuki tu, kwa kuwa ndio wanaolinda kijiji. Wazee, wajane na wagonjwa wangojee mavuno mapya. Kila mtu alijua kwamba mavuno yako mbali na kwamba kungoja ni kufa. Mama yake Ebba, kikongwe asiye na jino hata moja, alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kungoja.

Ebba aliacha unga mezani, akajifuta mikono.

"Basi leo sikandi," akasema.

"Hebu rudi kazini, we mwanamke!" Ordgar akafoka.

"Kazi ipi? Ya kumnyima mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe? Tafuta mwingine, bwana."

Akabeba chungu chake akaenda zake nyumbani. Ordgar akawaamuru watu wake wakande wenyewe. Haya, wakakanda! Waliumwagia unga maji kama wanaoosha farasi, wakautwanga ngumi, wakautia tanurini. Ikatoka mikate ya kuvunja meno, na magunia mawili yakapotea hivyo hivyo. Siku ya tatu wenye mikuki wakaanza kunung'unika, na manung'uniko ya watu wenye silaha si jambo la kupuuza.

Ordgar akaenda kwa Ebba, mkuki mkononi, watu wamemfuata nyuma, akadai apewe chachu. Ebba alikuwa ameketi karibu na moto, chungu mapajani. Hakusimama. Alichota nusu ya donge akaitupa motoni. Likaungua mbele ya macho yao, donge la mama mkwe wake, na nawaambieni lilimuuma, kwa sababu kitu cha namna hiyo unakilea kama mtoto. Nusu iliyobaki akaishika juu ya ndimi za moto.

"Haya, nichome huo mkuki," akasema. "Ukinichoma, na hili linaanguka. Halafu huo mkuki wako utautafuna."

Ordgar alilitazama lile donge. Aliwatazama watu wake, na hakuna aliyemwangalia usoni.

"Unataka nini, mama?" akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

"Mkate ukatwe sawa kwa kila mdomo, na aanze mama yangu. Wewe kaa mlangoni pa ghala uulinde usiibwe. Hiyo ndiyo kazi yako, na ndilo litakuwa jina lako. Mambo ya Mkuki yameisha. Na mimi utaniita kwa kazi yangu, mezani, watu wote wakisikia. Makofi kapigie mbwa."

Siku hiyohiyo unga uliumuka. Ordgar alisimama mezani, uso umemwiva, akajiita hlafweard, mlinda mkate. Kisha akamgeukia Ebba, ambaye bado alikuwa na unga mpaka viwikoni, akamwita hlafdige, mkandaji wa mkate. Kikongwe akapewa kipande cha kwanza. Akakichovya kwenye maziwa, akala taratibu bila haraka yoyote, na wenye mikuki wakangoja amalize.

Na tangu siku hiyo wakubwa wa Uingereza wanabeba mkate ndani ya majina yao. Midomo ya watu imeyasugua maneno yale karne baada ya karne, hlafweard likabaki lord, hlafdige likabaki lady, na wenye majina wakasahau. Wakavaa mataji na glavu, wakaona aibu kugusa unga. Basi ninyi mnaoomba radhi kabla hamjafungua kinywa, eti Kiingereza chenu kibovu, inueni vichwa. Akija mtu akajiita lord mbele yenu na kutaka mpige magoti, msipige. Mwulizeni kwa sauti, na mwulizeni kwa Kiswahili: mkate uliopewa uulinde uko wapi, na ni nani hapa hajala?