Kwa Nini Watu wa Isumbilo Hubana Pumzi Kwenye Ubatizo

Zamani hizo, mtu alipobatizwa katika mto Kasyeto, watu wa Isumbilo waliosimama ukingoni walipumua kama kawaida yao, na wengine walipiga soga. Aliyekosa pumzi alikuwa mmoja tu, yule aliyezamishwa.

Na alizikosa kwelikweli. Mwalimu Ambakisye, mwinjilisti aliyeileta dini kijijini, alikuwa mtu mwema, ila kufupisha neno hakukujua. Alimzamisha mtu kwanza, ndipo akaanza: kwa jina la Baba, na hapo akamsifu Baba, na la Mwana, na hapo akasimulia kidogo habari za Mwana. Alipofika kwa Roho Mtakatifu, mbatizwa alikuwa ameshakunywa nusu ya mto. Watu walivumilia, wakidhani wokovu ndivyo ulivyo.

Kijijini aliishi mjane aitwaye Gwantwa. Kasyeto ulikuwa umemla mwanawe wa kiume, na tangu hapo hakuusogelea. Maji yake aliyachota kisimani, ng'ambo ya kilima. Alibakiwa na binti mmoja, Tumwitike, na ndiye huyo aliyemwambia kwamba Jumapili angebatizwa.

Gwantwa alimwendea mwinjilisti. "Mwalimu, huo ubatizo maana yake nini?"

"Ni kuzikwa pamoja na Kristo, mama," Ambakisye akajibu kwa furaha. "Utu wa kale unabaki majini."

"Mtoto wangu wa kwanza alibaki majini. Wa pili sikupi."

Ambakisye aliona aibu, akaketi chini karibu naye. "Nisamehe, mama, nimekupa nusu ya habari. Kristo hakubaki kaburini. Anayezama lazima aibuke; asipoibuka, huo si ubatizo."

Kukataza Gwantwa angeweza, lakini binti yake alikuwa akilia tangu asubuhi akiomba ruhusa, na machozi ya mwana ni mzigo kwa mama.

"Basi nitakuja," akasema. "Atakapozama nitabana pumzi pamoja naye. Zikiniishia kabla hajaibuka, naingia kumtoa, na usinilaumu."

"Njoo, mama."

Jumapili ikafika. Maji yalipomfunika Tumwitike, Gwantwa akafumba mdomo, na waliokuwa karibu naye, kwa kumhurumia, wakafumba yao. Mwinjilisti, mazoea yana tabu, akaanza kumsifu Baba. Akamsifu, akamsifu tena. Kifua cha Gwantwa kikawaka moto, macho yakamtoka pima. Habari za Mwana hazijafika hata Bethlehemu, pumzi zikamwishia.

Akajitosa na nguo zake zote. Alimsukuma mwinjilisti kando, akamkwapua binti mabegani na kumsimamisha. Tumwitike alivuta hewa kwa kishindo, akakohoa, kisha akaangua kicheko.

"Mama! Umeingia mtoni!"

Gwantwa akajitazama. Maji yalimfika kifuani, mtoto wake alikuwa hai mikononi mwake, na mto haukudai kitu. Akashusha pumzi ndefu, "Haaa," kisha akalia kwa furaha mpaka wenzake nao wakalia.

Ambakisye alirudi karibu yao, kanzu ikimchuruzika maji. "Ndugu zangu," akasema, "siku zote nimekuwa nikiwacheleweshea ufufuko." Akamalizia maneno yaliyobaki kwa ufupi ambao haukuwahi kusikika kwake, akamzamisha Tumwitike tena, na kabla ya kupepesa jicho akamwibua, mama yake akiwa amemshika mkono.

Na tangu siku hiyo, Isumbilo maneno yote husemwa mtu akiwa bado amesimama, ndipo azamishwe. Akizama, kanisa zima hubana pumzi, wakubwa kwa wadogo, na mchungaji anayejisahau huwaona akina mama wakianza kujifunga vibwebwe. Akiibuka, wote huziachia kwa pamoja, "Haaa!" Ukipita barabarani ukaisikia sauti hiyo, shukuru nawe, mtoto wa mtu ametoka majini salama.