Ukoko wa Mwanahija

Hapo zamani, tena si zamani ya kutisha, maana waliokula pilau lile bado wanacheua, palikuwa na mpishi wa masufuria ya harusi. Wazazi wake walimpa jina Makame.

Ijumaa moja, wakiwa mkekani wanakula, akawaambia baba yake Mzee Faki, mama yake Bi Mize na shoga yake Riziki: "Mimi ni mwanamke. Tangu utotoni ndivyo nilivyo, nimechoka kujificha. Niiteni Mwanahija."

Lahaula! Mzee Faki akaangusha tonge. "Toka nyumbani kwangu!" Bi Mize akainama kuokota punje za wali, akaokota hata zisizokuwepo. Riziki akamkumbatia, akalia, akaapa hatamwambia mtu. Kabla ya alasiri hata muuza mkaa alikuwa na habari.

Mwanahija akahamia banda la kuni, peke yake. Mji ukasema chakula chake ni laana. Basi binti wa sheha akaolewa, mpishi wa kuazima akaunguza masufuria mawili, na mji ukakumbuka ghafla kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Mwanahija akaitwa. Akaja kajifunga kanga zake, akapika. Watu wakaramba vidole, vilevile walivyomnyooshea.

Sasa, desturi ya mji ule, mpishi hukwangua ukoko wa sufuria ya mwisho akampa mtu mmoja kwa mkono wake. Anayepokea ndiye jamaa yake mbele ya watu, na nyumbani kwa huyo ndiko kwao mpishi. Mwanahija akashika sahani. Alichoka kulala na kuni. Mara wakajitokeza watatu, wala haya hawana.

Bi Mize akasema, "Nilijua tangu una miaka minne. Zile kanga ulizokuwa ukizikuta kambani uani, nani alikuwa akizisahau pale? Mimi mama yako."

"Na waliponitukana, mama, ulisema nini?"

"Nilinyamaza, mwanangu. Nilimwogopa baba yako."

Mzee Faki akamsukuma mkewe kando. "Nilikufukuza, sikatai. Lakini vijana walipokuja bandani na marungu, nani alisimama mlangoni na panga? Niliwaambia huyu ni wangu, anayemtaka aanze na mimi."

"Na jina langu, baba?"

Mzee akakohoa. "Wewe... mtoto wewe... ukoko unapoa."

"Mimi je?" Riziki akadakia. "Nilikuita Mwanahija siku ileile. Sokoni, kisimani, mbele ya kadamnasi!"

"Shoga, na wale vijana, nani aliwaambia ninapolala?"

"Jamani, nilikuwa nakusifu tu!"

Mwanahija akawatazama, machozi yamechanganyika na moshi. Aliwapenda wote, na wote walimuumiza. Sahani ni moja, nao ukoko usipotolewa ukiwa wa moto, mpishi hurudi alikotoka.

Haya, nyie mnaotikisa vichwa hapo kama mngefanya bora: mmoja alijua akanyamaza, mmoja alimpigania na jina lake likamshinda kulitamka, mmoja alilitamka hadi akamponza. Je, nani alistahili ukoko? Na hiyo mikono mnayoinyoosha kujibu, mbona inanuka pilau?