Sahihi ya Eliakunda

Jamani, Same haijawahi kuona Jumanne kama ile! Tangu alfajiri watu walikuwa wakishuka kutoka milima ya Mamba, wengine kwa bodaboda, wengine kwa costa, na kufikia saa tatu ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa pomoni. Akina mama waliokosa nafasi walisimama madirishani, viatu vyao vikiwa bado na udongo wa mashamba ya tangawizi. Haukuwa mnada, wala haikuwa harusi. Walikuja kusikia hukumu ya uchaguzi wao wenyewe. Lakini ili utamu wa habari hii umfikie kila mtu, ni lazima turudi nyuma hadi siku ya kura.

Siku hiyo kitongoji cha Mtambeni, huko juu Mamba, kilikuwa na wagombea wawili wa uenyekiti. Wa kwanza alikuwa Asheri, aliyeking'ang'ania kiti kwa miaka kumi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wa pili alikuwa Rogathe, mkulima wa tangawizi, mama wa maneno machache na kicheko kikubwa. Wakala wa Rogathe kituoni alikuwa Eliakunda, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Eliakunda alikuwa mwalimu wa kwaya, na neno lake halikuwa likiulizwa mara mbili.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Asheri, kura mia mbili thelathini na moja. Rogathe, thelathini na nane.

"Thelathini na nane?" Rogathe alishangaa. "Kikundi chetu cha tangawizi peke yake tuko sabini na wawili! Au wenzangu mlinipigia kura za mdomoni?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu kama shubiri. Chini ya fomu kulikuwa na sahihi ya Eliakunda, maana yake ameona kura zikihesabiwa na ameridhika.

"Hiyo si sahihi yangu," Eliakunda alisema upesi. "Wameighushi."

Nani angemtilia shaka mwalimu wa kwaya? Wiki zikapita kwa vikao na manung'uniko, mpaka Rogathe akaamua kwenda kortini. Sheria inatoa siku thelathini za kupinga matokeo, na zilikuwa zimebaki tatu tu. Akamchukua Eliakunda, wakashuka hadi Same kwa wakili Jesca, dada mdogo kwa umri lakini mwenye macho makali kama ya mwewe.

Jesca alimsikiliza Eliakunda hadi mwisho, kisha akamsogezea karatasi nyeupe. "Dada, naomba unisainie hapa mara tano."

"Ya nini tena?"

"Wakili wa Asheri atakuomba hivyohivyo mbele ya hakimu. Bora uanzie kwangu."

Eliakunda akasaini. Jesca akaiweka fomu ya matokeo pembeni. Sahihi zote sita zilifanana kama mapacha.

Rogathe aliziangalia, akamwangalia rafiki yake. "Elia. Niambie."

Machozi yakatangulia maneno. "Si unajua vuli ilichelewa? Tangawizi ilikuwa inakauka. Na zamu yangu ya maji ya ndiva iliangukia siku ileile ya kura, saa kumi na moja jioni."

Hakuna Mpare asiyejua ndiva, lile bwawa la tangu enzi za mababu linalogawa maji kwenye mifereji kwa zamu. Ukikosa zamu yako, unasubiri siku tisa, na tangawizi haisubiri.

"Msimamizi wa kituo akaniambia, mama, wewe saini tu uende, namba tutajaza wenyewe," Eliakunda aliendelea. "Nikasaini fomu tupu. Nikaenda kumwagilia."

"Umeniuza kwa maji ya mfereji!"

"Sikukuuza! Nilijua tumeshinda. Foleni nzima ilikuwa ya watu wetu!"

Jesca hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Nani alikuona ndivani?"

"Mzee Nathanaeli, mlinzi wa maji. Anamwandika kila mtu kwenye daftari, saa ya kufungua na saa ya kufunga."

Hapo Jesca alisimama kama aliyekalia siafu. "Hii fomu inasema ulisaini saa kumi na mbili na dakika kumi, baada ya kuhesabu! Kutoka kituoni hadi ndivani ni mwendo gani?"

"Dakika arobaini, kwa miguu. Na maji niliyafunga saa kumi na mbili na nusu."

"Basi hiyo aibu yako ndiyo ushahidi wetu. Ila itabidi uiseme mwenyewe, kwa kiapo, Asheri akisikia na wanakwaya wako wakisikia. Siwezi kukulazimisha. Lakini sitakwenda mahakamani na uongo. Tutaanguka siku ya kwanza."

Eliakunda alirudi mlimani kama aliyefiwa. Kesho yake ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na kitongoji kizima kilikuwa pale na majembe. Akapanda juu ya jiwe, akasema yote.

Minong'ono ikazuka kama nyuki waliochokozwa. Salha, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno, akapaza sauti: "Kumbe tangawizi uliimwagilia kura zetu! Itakuwa tamu hiyo!"

Wengine walicheka, wengine walitema mate. Eliakunda alibaki pale juu. Salha akamtazama weee, mwishowe akashusha jembe. "Haya, tumekusikia. Sasa siku za mahakama nani atashika zamu yake ya maji? Mimi naanza. Nani mwingine?"

Mikono ikainuka, mmoja, halafu kumi. Rogathe aliinua wa mwisho, lakini aliinua. Siku ya thelathini shauri likafunguliwa, na tangu hapo kila liliposikilizwa, nusu ya Mtambeni ilishuka Same huku nusu nyingine ikimwagilia mashamba ya wenzao.

Wakili wa Asheri alimkabili Eliakunda kwa tabasamu. "Kwa hiyo shahidi, wewe ni mwongo?"

"Nilikuwa, mheshimiwa. Nimemdanganya rafiki yangu karibu mwezi mzima. Nimeacha."

"Lakini fomu ulisaini kwa hiari yako?"

"Nilisaini. Ilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa."

Mzee Nathanaeli alipopanda kizimbani na daftari lake, wakili yule akamwamkia, "Shikamoo, mzee. Una hakika gani na hizi saa?"

"Marahaba, kijana. Maji ya ndiva yanagombaniwa kuliko urithi. Nikikosea dakika tano, natukanwa hadi ukoo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hakimu mwenyewe akainamia karatasi zake.

Basi, Jumanne hiyo hakimu akasoma kwa sauti ya taratibu. Sahihi iliyotangulia namba haithibitishi namba. Saa kumi na mbili na dakika kumi, shahidi alikuwa shambani, maji yakiwa mikononi mwake. Matokeo ya Mtambeni yamebatilishwa, uchaguzi urudiwe.

Nje, vigelegele vilipasua anga! Asheri alipita akiwa amenuna. "Tutakutana kwenye marudio."

"Karibu sana, baba," Rogathe alijibu, kisha akamgeukia Eliakunda aliyejibanza ukutani. "Wakala wangu ni wewe."

"Mimi? Baada ya yote haya?"

"Nani mwingine anajua sahihi ina uzito gani? Ila siku hiyo maji atafungua mumeo."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Laiti Eliakunda angeendelea kuifunika aibu yake, ile fomu ingebaki ukweli mbele ya sheria, na Asheri angebaki kitini. Aliivua mbele ya watu wote, na haki ya Mtambeni ikazaliwa. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.