Maswali ya Candida

Wapo watu ambao wakiulizwa swali huona wametukanwa. Wahenga waliosema kuuliza si ujinga waliwajua vizuri, na mmoja wa watu hao alikuwa Twaha, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Alasiri moja ya Ramadhani, Twaha aliingia akitweta katika duka la dawa lililo chini ya nyumba yao.

"Dada, nipe vitamini za nguvu. Mama saumu imemlegeza."

Candida, mfamasia wa duka lile, hakugusa kabati. "Pole, kaka. Amelegea vipi?"

"Anatoka jasho, anatetemeka. Si funga tu?"

"Ana maradhi yoyote? Anatumia dawa gani?"

Twaha akapandwa na hasira. "Dada, nimekuja kununua dawa, sijaja kuposa! Maswali yote ya nini?"

Wateja wakacheka. Candida naye alitabasamu, lakini hakurudi nyuma hata unyayo. Ndivyo alivyo mwanamke huyu, na mimi nampendea hilo: kwake dawa haitoki kabla hajamjua atakayeimeza.

"Ana sukari," Twaha akajibu shingo upande. "Vidonge vyake vya asubuhi anavimeza wakati wa daku. Havikosi."

Candida alishtuka. Vidonge vile huishusha sukari, na Bi Shamsa, mama yake Twaha, alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Alimwachia mwenzake duka, akachukua kipimo, akapanda ngazi mbiombio na Twaha nyuma yake.

Bi Shamsa alikuwa amejilaza, kanga imelowa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia kwa sauti ya mbali.

Candida alimtoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

"Twaha, koroga maji ya sukari, upesi!"

"Sinywi," mama akakataa. "Nangoja adhana."

Twaha alisimama na bilauri mkononi, hajui amtii nani. Candida akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, dini siwezi kukufundisha. Lakini ukingoja adhana, huenda usiisikie."

Bi Shamsa alinyoosha mkono. "Mgonjwa ana ruhusa," akanong'ona. "Saumu hulipwa. Lete."

Alikunywa. Candida hakubanduka mpaka mtetemeko ulipokwisha na mama akaanza kulalamika kwamba mwanawe hajui hata kukoroga sukari. Hapo akamwagiza Twaha ampeleke kwa daktari jioni ile ile, apangiwe dawa upya kabla ya kufikiria kufunga tena.

Juzi mteja mmoja alifoka pale dukani, "Sista, uza dawa, acha upelelezi!"

Twaha, aliyekuwa amefuata vidonge vya mama yake, akamshika bega. "Mjibu, ndugu yangu. Mama yangu yupo hai kwa maswali hayo hayo. Kuuliza si ujinga."