Iqama Iliyongoja Bakora

Wamepokezana waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemeni, zama za waja wema, aliishi mzee akiitwa Hudhaifa bin Sahli, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutanguliwa msikitini. Adhana ilimkuta ameshatawadha, yuko safu ya mbele, nyuma ya imamu.

Kisha uzee ukabisha hodi. Hudhaifa akawa anafika imamu yuko rukuu; baadaye akawa anafika watu wanatoa salamu. Abu Nuaimu, muuza vitambaa mwenye ulimi kama wembe, akamwambia hadharani, "Ahlan, mzee wetu! Leo umeiwahi swala ya kesho?"

Watu wakacheka, ndani ya nyumba ya Mola. Hudhaifa akatabasamu, akaswali peke yake nyuma ya nguzo. Hakuonekana tena.

Wakasema eti imani yake imechuja. Imamu wao, Sheikh Mutarrifu, akaenda kumnasihi, akafuatana na Abu Nuaimu. Walipopiga hodi, Bibi Rababu alimnong'oneza mumewe, "Sema miguu. Miguu haina aibu." Kisha akajisitiri nyuma ya pazia.

Wageni wakaketi. Hudhaifa angesema miguu, wangemwombea shifaa na kwenda zao, na heshima yake ingebaki.

"Sheikh, miguu yangu inanibeba," akasema. "Ni mkojo. Haunitii tena, unatoka wenyewe. Nawe ndiwe uliyetufundisha kwamba mwenye udhuru huu hatawadhi mpaka wakati uingie. Basi nasikia adhana, ndipo najisafisha, nabadili kitambaa, natawadha, naja. Nikifika, mmeshamaliza." Akamgeukia mfanyabiashara. "Na wewe, Abu Nuaimu, vitambaa vyote ninavyonunua kwako, ulidhani nashona kanzu?"

Abu Nuaimu akajikohoza. "Subhanallah! Basi si una rukhsa, mzee wetu? Swali nyumbani, ustarehe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Starehe gani, mwanangu? Tangu aipate hiyo starehe, anayemwitikia salamu ni mimi na mbuzi."

Sheikh Mutarrifu akainamisha kichwa, ndevu zikalowa machozi. "Rukhsa ni Mola kumpunguzia mja mzigo," akasema. "Si sisi kumfungia mlango. Wallahi, nilikufundisha hukumu, Hudhaifa, nikasahau kuufundisha msikiti kungoja."

Kesho yake, alasiri, adhana ikatolewa, safu zikapangwa. Iqama ya kuanza swala, kimya. Mtu akanung'unika, "Sheikh, tumeacha maduka wazi!"

"Nyinyi mna maduka," akajibu. "Yeye ana nini zaidi ya hii?"

Mara bakora ikasikika juu ya mawe ya uani, ko, ko, polepole. Abu Nuaimu akatoka mahali pake safu ya mbele, akaenda mlangoni, akamshika mzee mkono.

"Umewahi, mzee wetu," akasema. Safari hii hakucheka mtu.

Enyi waumini, mzee yule alisema kweli iliyomchoma uso, Mola akamrudishia safu yake. Na sisi je? Tunajenga ngazi ndefu na marumaru ya kuteleza, tunamwambia mzee "sori, pumzika tu," khalas, kisha tunauliza wazee wamekwenda wapi. Wako nyumbani. Adhana wanaisikia.