Miche ya Kilima cha Hima

Hivi wewe, ukisimama kumwomba Mola mvua, na kilima cha kuipokea umekinyoa mwenyewe, unaomba nini hasa?

Yasimuliwa, na Allah ndiye Mjuzi, kwamba zama za kale palikuwa na bonde lililoishi kwa chemchemi moja chini ya kilima. Msitu wa kilima hicho ulikuwa hima: haukatwi, haulishwi mifugo, na liwali ndiye mlinzi wake kwa kiapo. Liwali wa wakati huo, Mundhir bin Hafsi, alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na kilemba kirefu kuliko haja. Alipotaka kujenga mnara, aliufyeka msitu apate kuni za kuchomea chokaa. Nani angemhoji mtu anayejenga mnara wa msikiti?

Sultani alimhoji. Akaamuru ipandwe miche elfu tatu, na mkaguzi angekuja kuiona.

Miche ni kazi. Inataka maji, inataka kulindwa isiliwe na mbuzi. Mundhir akaona matawi ni mepesi. Vibarua wa nchi ya mbali wakachomeka matawi mabichi kilima kizima, wakalipwa, wakaenda zao. Mkaguzi alitazama akiwa juu ya nyumbu. Jua lilikuwa kali, na mbuzi wa karamu alikwisha iva. Akaandika kwamba kilima ni kijani. Matawi yalipokauka, Mundhir aliwaambia watu ukame umeiua miche.

Mwaka wa tatu chemchemi ikawa inatoa matone. Waliolima mwisho wa mfereji walikwisha funga mizigo, wahame. Mundhir akatangaza kuwa ni dhambi zao: wanawake wanacheka mno, vijana hawaamki alfajiri. Wafunge siku tatu, kisha waswali sala ya kuomba mvua.

Lakini tangu atangaze, yeye mwenyewe hakutulia. Akikaa, anasimama. Akishika tasbihi, anapotewa na hesabu. Akitia udhu, maji yalimwuma viwiko, naye akamkaripia mkewe kwamba ni ya moto. Yalikuwa baridi.

Desturi ya bonde lile ilikuwa kwamba hakuna takbiri ya sala hiyo mpaka kila mtu aitaje dhuluma yake kwa sauti, kwa jina lake, ili asamehewe.

"Jirani, nilisogeza mpaka wako hatua mbili."

"Nilikuona. Ndiyo maana nilikula maboga yako."

Watu wakacheka, wakapeana mikono. Zamu ikamfika liwali.

"Nami," akasema, macho yakitazama mbali, "kama yupo niliyemkosea, anisamehe."

"Hiyo 'kama' ya nini, Bwana Liwali?"

Ilikuwa sauti ya Bi Unaisa, mwalimu wa Qur'ani wa watoto, ambaye mitende yake saba ilikuwa imekufa imesimama. "Mimi nimesema nilimchapa mtoto wa watu bila kosa, na nimemtaja."

"Bibi, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wenyewe. Jana nilikwenda kilimani kuokota kuni, nikang'oa mche wako mmoja." Akatoa chini ya ushungi fimbo kavu, ncha yake imekatwa mshazari kwa panga. "Nimeutafuta mzizi nimechoka. Labda wewe uliyepanda wajua ulipo."

"Mama, mbona wamwadhiri mzee wa watu?" mtu akanong'ona.

"Simwadhiri. Namsubiri." Akaketi.

Imamu hakuinua mikono. Mundhir alikuwa na neno tayari ulimini: mchwa. Mchwa wamekula mizizi. Lingetosha, sala ingeswaliwa, na kesho mizigo ile ingetoka bondeni. Akatazama mnara wake, mweupe, mrefu, nao kwa mara ya kwanza ukamtia haya.

Wapo wanaoongeza kwamba mvua ilinyesha palepale. Wasimulizi wanyoofu hawalisemi hilo. Wanachosema ni kwamba aliyekabidhiwa amana ya watu hawezi kutubia faraghani kosa alilolifanya hadharani, na kwamba Mundhir bin Hafsi alikivua kile kilemba, akaiomba ile fimbo, akaiinua waione wote mpaka safu ya mwisho.

"Haina mzizi," akasema. "Sikupanda hata mche mmoja. Nilikata msitu wenu, nikachomeka matawi, nikawaambia Mungu ndiye aliyewanyima maji."