Pimbi Mwita Zamu na Matikiti ya Jeshi

Paukwa!

— Pakawa.

Hamjala? Paukwa!

— Pakawaaa!

Afadhali. Palikuwa na bwawa, bwawani pakawa na Kiboko, na Kiboko alikuwa na tumbo lisilojua kushiba. Pimbi, mdogo kama kiatu, alikuwa mwita zamu wake. Alisimama juu ya jiwe akiwaita wanyama waje kunywa, "Swala, zamu yako! Nyumbu, toka!" Ujira wake ulikuwa maji ya wanawe saba.

Pimbi alikuwa pia askari wa akiba wa Tembo, mkuu wa nchi. Jeshi zima la akiba lilikuwa wanyama tisa, na mmoja ana kikohozi! Siafu wakivamia mpaka, baragumu hulia, vuuuu! Pimbi huyooo.

Siku moja karudi, kamkuta Chura jiweni, anaita kwa nusu ya ujira.

"Mzee Kiboko, kazi yangu?"

"Aliyeondoka kaondoka. Jiwe ni la aliyebaki."

Akalia, akabembeleza, akarudishwa. Vuuuu! Akaenda. Karudi, Chura jiweni!

"Aliyeondoka kaondoka. Jiwe ni la aliyebaki."

Sasa wanawe wanalamba umande. Pimbi akamlilia Tembo. Tembo akasema, "Sheria ipo. Kazi ya askari humngoja. Ila lazima Kiboko aikubali kwanza."

Jamani! Sheria gani inamsubiri mkosaji aikubali? Nikiikumbuka napandwa na hasira.

Pimbi akarudi kwa Kiboko. "Shikamoo mzee. Umesikia? Askari wa akiba wanapewa matikiti."

"Mangapi?"

"Kwa ukubwa wa tumbo."

Kiboko mbio kwa Tembo, akakanyaga udongo kuacha alama ya kujiandikisha jeshini, dii! Kesho yake, vuuuu! Tembo akamtazama, akasema, "Huyu anatosha. Pimbi, leo baki."

Siafu wakamwingia Kiboko masikioni, puani, na kwingine nisikokutaja mbele ya bibi yenu. Matikiti yalikuwa mawili, na foleni.

Akarudi analia, Tembo na jeshi nyuma yake. Pimbi na wanawe wanaogelea kwenye tope lake, chubwi, chubwi!

"Toka! Tope langu!"

"Aliyeondoka kaondoka, mzee. Tope ni la aliyebaki."

"Nilikuwa vitani! Nafasi ya askari humngoja!"

"Sijasikia."

"NAFASI YA ASKARI HUMNGOJA!"

Pimbi akaruka juu ya jiwe, akaita kwa sauti yake ya kazi: "Tembo! Swala! Nyumbu! Mmesikia? Kiboko amekubali!"

Chura, chubwi! Jiwe likawa wazi.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu mpelekeeni Kiboko. Na funzo, wanangu: waheshimuni wanaowapa kazi. Wanaelewa sheria upesi sana, wakishaumwa na siafu.